Vidonge vya Magoti Kutoka Maskati

Nyumba za Walimu,
Maili Moja,
Kibaha.
27 Januari 2026

Mpendwa dada yangu Zuleha,

Assalamu alaykum, na shikamoo yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko, ambayo Rahma, aliyekuja likizo kutoka huko, anasema mwaka huu imewafanya mlale na masweta, haijakurudishia kile kikohozi chako. Watoto wa watu unaowalea hawajambo? Yule mdogo ameshaacha kulia ukitoka chumbani? Mimi ni mzima. Shule zimefunguliwa, nimepewa mikondo mitatu ya kidato cha pili na mmoja wa kidato cha nne, na ikifika Alhamisi sauti inakuwa imekauka.

Najua utashangaa kupata karatasi zama hizi. Simu zimetuharibu, dada. Kwenye kundi la familia kila mtu anasikia, na kila anayesikia anaongeza lake. Nikikupigia, mmoja wetu hukata kabla mwenzake hajamaliza. Karatasi haikatwi katikati. Nakuomba unisome mpaka chini, hata ukikasirika, na utakasirika.

Mama yuko hai. Nimelitanguliza hilo kwa sababu mwezi wa kumi na mbili zilipita siku mbili ambazo nisingethubutu kuliandika.

Hemedi alikwambia kwamba Mama alizidiwa na vidonda vya tumbo, akaongezewa damu, akarudi Kurui. Kaka hakusema uongo, ila alifupisha. Mama alianza kupata choo cheusi kama lami tangu Jumapili. Hakumwambia mtu, aliona aibu. Jumanne akaanguka njiani akitoka kung'oa mihogo, na jirani yake Bi Sikudhani ndiye aliyemkuta, mtenga wa mihogo umepinduka na Mama amekaa pembeni yake, midomo myeupe, anasema anapumzika tu. Hemedi alimpakia kwenye pikipiki katikati yake na dereva mpaka barabarani, wakapata gari, wakamleta Kibaha kwa sababu mimi niko huku. Alipewa chupa tatu za damu. Moja ilitoka mkononi mwangu.

Nilipofika mapokezi Hemedi hakunisalimia. Alinitazama juu mpaka chini, akasema, "Haya. Umefurahi?"

Wewe unajua kwa nini alisema hivyo, lakini nataka leo ulione jambo hili kutoka upande wangu, kwa sababu miaka miwili umeliona kutoka huko kwako tu. Niliirudisha barua ya posa ya Hamidu. Sababu zangu nilizitoa wakati ule na sitazirudia. Baada ya miezi miwili tumbo la Mama likaanza kumuwaka. Tarehe zikafuatana, na hakuna aliyetaka kujua zaidi. Hemedi aliita kikao barazani kwake, akasema, "Mawazo yanatoboa tumbo," kwa sauti ya mtu aliyeyatazama matundu kwa macho yake. Wote wakaitikia. Nani asiyejua kwamba vidonda vya tumbo ni mawazo? Na mawazo ya Mama yalikuwa na jina, yakikaa pale pale kwenye mkeka na shahada yake ya chuo kikuu.

Kisha ukaja ujumbe wako wa sauti. "Nuria, siku tutakapomzika Mama, ujue sepetu ulishika wewe." Niliufungua katika chumba cha walimu bila kujua kwamba sauti ya simu iko juu. Walimu wenzangu wakainamia madaftari yao. Tangu siku ile hakuna aliyeniuliza habari za nyumbani.

Jambo ninaloliona chungu kuliko yote ni kwamba nilikuamini. Mimi, dada, ninayesimama mbele ya watoto hamsini nikichora tumbo ubaoni. Nawafundisha kwamba mna tindikali humo inayoweza kuyeyusha mwiba wa samaki, na kwamba tumbo halijiyeyushi lenyewe kwa sababu limejipaka ute. Asubuhi nafundisha hayo. Jioni nakaa kitandani nikiamini kwamba moyo wangu mgumu ndio uliokwenda Kurui kutoboa tumbo la mama yangu.

Mwezi wa sita mwaka jana nilifanya jambo ambalo hakuna anayelijua. Nilikwenda kwa shangazi yake Hamidu, peke yangu, bila mshenga, nikamwambia kwamba kama Hamidu bado ana nia, mimi niko tayari. Mama wa watu alinikaribisha chai. Akanihurumia, nadhani. "Mwanangu, umechelewa," akasema. "Mwenzio yuko ndani na ana mimba ya miezi minne." Nilijipeleka kama dozi, nikakuta duka limefungwa. Nilirudi Kibaha nimesimama kwenye gari njia nzima ingawa viti vilikuwepo.

Wakati huo Mama tulikuwa tumemnyima pilipili, tumemnyima ndimu, tumemnyima maharage na hata embe bichi. Alikuwa anakunywa juisi ya kabichi na kutukunjia uso. Zahanati walipima choo wakakuta bakteria, wale wanaokaa tumboni, wakampa dawa za siku kumi na nne. Alizimeza zote kwa utii. Akapata nafuu mwezi mzima, na Hemedi akasema ni kwa sababu siku hizi Nuria ametulia. Kisha maumivu yakarudi, nayo maelezo yakarudi. Mawazo.

Sasa nikueleze ya hospitali. Daktari aliyempokea anaitwa Stellamaris, mtu wa bara, kijana kama mimi, haongei sana. Damu ilipotulia walimwingiza Mama mrija wenye kamera, na daktari akaniita nione. Nimechora tumbo miaka minne, sikuwahi kuliona likiwa na jeraha. Kulikuwa na kidonda kimoja tumboni, karibu na mlango wa kutokea, na kingine ng'ambo ya mlango ule, pale utumbo mwembamba unapoanza. Hicho cha pili ndicho kilichokuwa kinavuja damu.

Daktari akamuuliza Mama kama anatumia dawa yoyote. Ya kichwa, ya mgongo, ya magoti. Mama akasema hapana. Akamuuliza tena kesho yake, na mara ya tatu mbele yangu. "Hapana, mwanangu," Mama akasema. "Mimi na vidonge hatupatani." Nami nikatikisa kichwa kumuunga mkono, kwa kuwa ndivyo nilivyomjua.

Baadaye muuguzi akaomba kadi ya bima. Unajua Mama huiweka wapi. Akafungua fundo la kanga, ikatoka kadi, kikatoka kipande cha ubani, na karatasi ya daftari iliyokunjwa. Karatasi ikafunguka, vidonge saba vya rangi ya chungwa vikamwagika juu ya shuka.

"Bibi, hizi nini?" daktari akauliza.

"Hizo si dawa," Mama akasema, na alikuwa anasema kweli yake. "Zawadi hizo. Mwanangu wa Maskati ananiletea, za magoti."

"Unameza ngapi?"

"Mbili asubuhi, mbili jioni. Siku ya shamba naongeza."

"Ukishakula?"

"Aa! Na chakula hazishiki."

Daktari Stellamaris alikuwa ameanza kutabasamu, akaacha. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akatueleza taratibu. Vidonda hivi, alisema, mara nyingi vinachimbwa na vitu viwili. Kimoja ni wale bakteria. Kingine ni vidonge vya maumivu vya ukoo huu: diklofenaki, aspirini, ibuprofeni. Vinatuliza goti, lakini pigo lile lile linalotuliza goti linaupunguza ute unaolikinga tumbo, na tindikali inabaki inakula nyama tupu. Kwa Mama vilikutana vyote viwili. Zahanati walimwondolea kimoja. Kingine alikuwa anakimeza mara mbili kwa siku, tumbo likiwa tupu, kwa upendo.

Nikamuuliza, "Na mawazo?"

Alinitazama kidogo. "Mawazo yanaweza kuzidisha maumivu. Yanaweza kumnyima mtu kula na kulala. Lakini matundu haya, dada, yana mchimbaji wake. Nani kakwambia ni wewe?"

Sikuwa nimemwambia kwamba ni mimi. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikacheka, mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Makopo sita, dada. Meupe, yenye vifuniko vya buluu. Yote yako kwenye rafu ya Mama, yaliyoisha hayatupwi. Moja lina chumvi, moja lina mbegu za bamia, moja lina vifungo. Miaka miwili nimeyashika makopo hayo. Nimechota chumvi humo. Sikuwahi kuligeuza hata moja nikasoma ubavuni, na jina la dawa limeandikwa kwa Kiingereza, lugha ninayofundishia. Unajua kwa nini? Kwa sababu yalitoka kwako. Baada ya ule ujumbe wa sepetu nilijiapiza kwamba sitavutiwa na kitu chako chochote, na nikatimiza. Kwa hiyo usidhani nakuandikia kama mtu aliye safi. Mpini wa sepetu ni mrefu, tumeushika wawili.

Na pengine hujui ulivyokuwa mtu mkubwa kule Kurui. Mama amegeuka duka la dawa. Wanawake wanaoumwa magoti wanapita kwake wakitoka msikitini. Mzee Mwishehe, muadhini, ana fungu lake kila Ijumaa. "Zuleha katukumbuka," wanasema, wanameza, wanakuombea dua. Ramadhani iliyopita Mama alisimama tarawehe rakaa zote ishirini, mwezi mzima, wakati wenziwe wa rika lake wanasali wamekaa. Watu walimsifu. Sasa najua alivyosimama. Alimeza viwili wakati wa daku kwa maji matupu, akashinda na njaa mchana kutwa, akamalizia na viwili kabla ya kwenda msikitini.

Utasema, basi si umeshajua, si umwambie? Nimemwambia. Daktari amemwambia. Mama alisikiliza yote, kisha akasema, "Zuleha hawezi kuniletea kitu kibaya." Kwake yeye tulikuwa tunakushitaki wewe, na hakimu ameshakuachia. Nilimwambia Hemedi. Kaka yako alicheka kwa pua. "Ulikuwa unatafuta pa kuutupia mzigo," akasema. "Umepata kwa dada yako aliye mbali, asiyeweza kujitetea."

Siku tuliyomrudisha nyumbani nililichukua kopo la sita, lililokuwa limebaki robo. Mama alinishika mkono, na bado alikuwa na plasta ya sindano ya damu.

"Rudisha cha mwanangu."

"Mama, na mimi si mwanao?"

"Wewe upo," akasema.

Nimelitafuna neno hilo wiki sita. Nasahihisha mitihani nalo, nafua nalo. Wewe upo. Aliyepo hana haja ya kuachiwa alama. Aliye mbali ndiye anayehitaji kitu cha kushikwa mkononi, kinuswe, kimezwe. Siku nyingine aliniambia kwa upole, kama anayenifundisha, "Nikimeza, namwona Zuleha." Sijui biolojia ya kulijibu hilo.

Nililirudisha kopo. Ndiyo. Nilijua kilichomo, nikaliweka mkononi mwake, kwa sababu alikuwa analia na mimi nimechoka kuwa mtu anayemliza. Ni kosa langu la pili na ni kubwa kuliko la kwanza. Mama anameza dawa za hospitali za kupunguza tindikali, anamshukuru daktari, kisha anameza na zako. Bi Sikudhani hunipigia simu kunipa taarifa. "Nuria, ile shughuli inaendelea," anasema, halafu anakata haraka asisikike.

Daktari alinitolea maneno yake bila kuyapamba. Akivuja tena, kwa umri ule na damu ile, tusitegemee kwamba atafika Kibaha. Alisema pia asifunge mwaka huu mpaka vidonda vipone, na Mama anajua vizuri kuliko mimi kwamba mgonjwa ana ruhusa na fidia inatolewa. Anasema atafunga na atasimama. Zimebaki wiki tatu.

Kwa hiyo ninakuomba kitu kimoja. Mpigie Mama kabla ya mwezi kuandama. Usimtumie sauti, wala usiweke kwenye kundi. Piga, subiri akusikie unavyopumua, umwambie wewe kwa kinywa chako: Mama, vile vidonge nilivyokuletea vimekuumiza, sikujua, vitupe chooni leo, na wale uliowagawia waambie waache. Usimwambie kwamba Nuria kasema, wala daktari kasema. Likitoka kwangu ni wivu. Likitoka kwa daktari ni la mtu baki. Likitoka kwako ni neno la mwenye zawadi. Magoti yake daktari ameyaandikia parasetamoli kwa kipimo, na mafuta ya kuchua. Kama mkono wako lazima ulete kitu, leta kanga. Leta ubani. Vitu anavyoweza kuvishika akuone bila kuvimeza.

Najua ninachokuomba. Miaka tisa umewalea watoto wa wengine ili zawadi zako ziingie nyumba ya Mama, na mimi nakwambia ukiri kwa mama yako kwamba mojawapo ilikuwa inamuua. Litakuuma. Ladha yake naijua. Mimi nimeibeba miaka miwili na haikuwa yangu. Wewe utaibeba muda wa simu moja.

Sitaki uniombe radhi. Nimeiandika sentensi hiyo, nikaifuta, nikaiandika tena, na ni uongo. Nataka. Lakini iwe ya pili. Kama una nguvu ya simu moja tu, mpigie Mama.

Ndani ya bahasha nimekuwekea kile kikaratasi kinachokuja ndani ya kopo. Nimepiga mstari kwa wino mwekundu, mahali panapoonya kuhusu tumbo. Upande wa nyuma ni Kiarabu. Soma mwenyewe, usinitegemee mimi.

Rahma anarudi Maskati Jumamosi, naye ndiye anayekuletea barua hii. Mkoba wake ule ule ndio umekuwa ukileta makopo. Safari hii pia alileta moja, la saba, ulilompa kwa ajili ya Ramadhani. Nilimngojea stendi nikalichukua kabla halijafika Kurui. Liko kwenye kabati langu, nyuma ya maboksi ya chaki. Mama anajua limefika na anajua liko kwangu. Kila siku baada ya alasiri hunipigia kuliomba, kwa unyenyekevu ambao mama hapaswi kuwa nao mbele ya mwanawe. La sita limebakiwa na vidonge vya wiki moja. Nimemwambia nitafanya kama Zuleha atakavyosema, na kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze amenijibu, "Ahsante, mwanangu."

Basi anangoja sauti yako. Na mimi nangoja.

Hemedi anakusalimia sana, na bado ana hasira na mimi. Bi Sikudhani anakusalimia, anasema ile kanga uliyompa bado haijachuja. Mzee Mwishehe anakupa salamu na dua. Anasema siku hizi tumbo linamuwaka, amepunguza pilipili.

Mungu akuhifadhi ugenini, akufunike katika nyumba za watu, akurudishe ukiwa na afya, umkute Mama anakungojea mlangoni kwa miguu yake, hata kama magoti yanauma.

Ni mimi mdogo wako uliyenibeba mgongoni, ninayekupenda hata leo ambapo ningependa nisikupende,

Nuria